Miraba ya Riley si kiinimacho

Kila nikionyesha darasani kazi za Bridget Riley, mchoraji wa Uingereza, hakosi mtu wa kusema: "Mwalimu, si kiinimacho tu hiki?" Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Kiinimacho huwa na siri, na siri ikifichuka mchezo umekwisha. Riley hafichi kitu. Itazame picha yake *Movement in Squares* ya 1961: nyeusi na nyeupe basi, kimo cha miraba hakibadiliki, upana tu ndio unaopungua hadi ukaribie uzi, kisha unaanza kurudi. Pima kwa rula ukitaka. Ukimaliza kupima, bapa bado linakunjika mbele yako.

Wengine husema: "Hata kompyuta inaweza." Kuchora, ndiyo. Lakini upana upungue kwa kasi gani, na ugeukie wapi? Hesabu za Riley ni nyepesi, nusu na robo. Anayeamua ni jicho. Na ndiyo, wasaidizi wake ndio wanaopaka turubai. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni rangi. Watu wanadhani rangi ni ile iliyo ndani ya kopo. Kata vipande viwili vya manila moja ya kijivu, kimoja kiweke juu ya nyekundu, kingine juu ya kijani. Cha kwanza kitaelekea ukijani, cha pili wekundu. Usiniulize kipi ni kijivu halisi. Kijivu kisicho na jirani hujawahi kukiona. Msanii na mwalimu Josef Albers alijaza kitabu kizima kwa mazoezi ya namna hii, 1963.

Sasa utata, ambao vitabu vya shule huuruka. Mstari ukiwa mpana, jirani huisukuma rangi mbali naye. Ukiwa mwembamba sana, mambo hugeuka: jirani huivuta kwake. Mpaka uko wapi? Sina kanuni ya kukupa, maana ukirudi nyuma hatua mbili nao unahama. Ndiyo maana Riley, aliyeingiza rangi mwaka 1967, hupaka karatasi, huzikata vipande na kuvihamishahamisha kabla ya kugusa turubai.

Na kwa nini mistari hutetemeka? Huwa nawajibu kwamba jicho halitulii hata ukilikazia. Jibu hilo lina nguvu, ila wanasayansi wengine huitaja lenzi ya jicho inayohangaika kulenga, na ubishi haujaisha.

Halafu acheni kuzihukumu kazi za Riley kwa simu. Picha ikipunguzwa, mistari hugombana na nukta za kioo cha simu; mawimbi utakayoyaona hapo ni ya simu yako, Riley hayamhusu.