Kuigiza si kipaji kitupu

Hapa Tabora mzazi akisikia mwanawe anajifunza kuigiza, huuliza: "Si ni kipaji hicho, kinafundishwaje?" Kipaji kipo, ila ni mwanzo tu. Njoo uwaone vijana wakifanya mazoezi jioni chini ya mwembe: mkono tumboni, wanavuta pumzi hadi tumbo litanuke, kisha wanatamka sentensi moja mpaka aliyesimama mwisho wa uwanja aisikie bila wao kupiga kelele. Sauti ikitoka kooni pekee hukauka kabla onyesho halijaisha. Hilo mtu hazaliwi nalo. Ndiyo maana Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981. Na kukariri mistari ya mchezo, jamani! Binti mmoja aliirudia hadi mama yake, akichoma vitumbua, akawa anamkumbusha alipokwama.