Kuvumwani wa kwenye mwamba: picha ya kijani tupu haitoshi kutoa jina

Watu wanatutumia picha ya jiwe lenye kitu cha kijani juu, imepigwa kwa mbali, afu swali moja tu, hii inaitwaje? Jamani, kuvumwani, hivyo vimea vidogo vya kijani, wako spishi (aina) kama 12,000 duniani na kwa mbali wengi wanafanana kabisa, kwa hiyo hata sisi tunaoshinda hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, tukipewa picha hiyo tunabaki kukisia tu.

Kwanza hakikisha ni kuvumwani kweli. Watu wanachanganya na likeni, yale magamba ya kijivu au ya njano yaliyogandana na jiwe kama rangi iliyomwagika. Kuvumwani wana vijani vidogo kwenye kishina, mizizi ya kweli hawana, wana vinyuzi tu vya kushikilia jiwe.

Afu angalia jiwe lenyewe, na hapa ndo wengi wanaruka. Dondoshea siki tone moja pembeni, likitoa povu basi lina chokaa, lisipotoa huenda ni graniti au jamaa zake, na hiyo peke yake inapunguza orodha sana kwa sababu kuna spishi haziishi kabisa kwenye chokaa. Andika hapohapo kwenye bahasha utakayowekea kipande chako, ukifika nyumbani utakuwa umesahau.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10. Grimmia pulvinata anakaa kama kimto cha kijivu, kila jani lina unywele mweupe kwenye ncha, na ukiona Tortula muralis naye ana unywele huohuo utasema ni yuleyule, kumbe tofauti iko kwenye kapsuli, kile kijikopo cha spora, yaani chembe za kuzaliana: cha Grimmia kina kikonyo kilichopinda kikaingiza kichwa ndani ya kimto, cha Tortula kimesimama wima, tena kirefu. Hedwigia ciliata yeye ana ncha nyeupe pia, ila jani lake halina mshipa wa katikati. Andreaea rupestris ni mweusimweusi au mwekundu wa kuiva, na kapsuli yake haifunguki kwa kifuniko kama wengine, inapasuka kwa mianya minne ubavuni, ukishaiona mara moja huisahau. Ndo maana tunasema usichukue kipande kisicho na kapsuli kama ipo yenye nayo karibu.

Kipande chenyewe kiwe kidogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba kinatosha, na uombe ruhusa kwanza. Weka kwenye bahasha ya karatasi, plastiki inaozesha. Kikikauka usihofu, hata baada ya miaka mingi ukidondoshea maji majani yanafunguka tena na tunayaweka kwenye hadubini kuangalia seli.

Majina yenyewe nayo yana mambo yake. Kwa kuvumwani karibu wote majina ya kisayansi yanaanza kuhesabika 1801, kitabu cha daktari Johannes Hedwig kilichotoka yeye ameshafariki tangu 1799, na huyo Hedwigia kapewa jina lake. Ukikuta Grimmia pulvinata (Hedw.) Sm. maana yake Hedwig ndo aliielezea kwanza ila aliiweka jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi za karibu, mtaalamu mwingine Smith (ndo huyo Sm.) akaihamishia Grimmia, jina la kwanza likabaki kwenye mabano ili mwenyewe asipotee. Pulvinata ni ya kimto, rupestris ni ya kwenye mwamba, muralis ya ukutani, yaani hawakusumbuka sana.

Na ukidhani umepata spishi mpya, picha nzuri tu haifanyi jina: lazima uchapishe maelezo kwa Kilatini au Kiingereza na utaje sampuli moja itakayokuwa kielelezo cha jina hilo, inayotunzwa hebaria. Kabla ya hapo utaletewa bahasha za zamani za hebaria moja baada ya nyingine ulinganishe, na mara nyingi jibu linapatikana humo, mtu alishaiokota na kuipa jina kitambo. Bahasha hizohizo ndo zinasaidia kujua kama ni ya asili ya hapo au imeingia baadaye na mawe ya ujenzi, mradi aliyeokota aliandika mahali na tarehe.