Nairobi hadi New York: saa moja ya safari hupotelea wapi?

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy pana kilomita 11,800 na ushei, zikipimwa kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege ya Boeing 787, ilitangaza takribani saa 15 za kwenda na 14 za kurudi; nami, ambaye kazi yangu ni kupanga njia na mafuta ya safari ndefu, sichoki kuulizwa tofauti hiyo inatoka wapi.

Wengi huusingizia mzunguko wa dunia. Lakini dunia huzunguka pamoja na hewa yake, na lau isingekuwa hivyo, safari ya kwenda ndiyo ingekuwa nyepesi, kwani New York ingekuwa inatujia. Kinachoamua ni upepo. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, juu ya Sahara ya kaskazini na juu ya Atlantiki, hewa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa nguvu zaidi majira ya baridi ya huko. Tuseme ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa katika hewa tulivu: upepo wa wastani wa kilomita 40 tu kwa saa utaifanya itumie saa 13 na dakika 43 ikiukabili, na saa 12 na dakika 33 ukiisukuma kutoka nyuma, kabla ya kuongeza muda wa kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Manahodha wa majahazi waliongoja kaskazi ndipo watweke tanga kutoka Maskati wangeielewa hesabu hii bila kalamu.

Njia yenyewe huwashangaza waliozoea ramani ya ukutani. Ukiweka rula juu ya ramani hiyo, utatokea baharini Mauritania. Ukivuta uzi juu ya tufe, utapita Chad, Niger na Algeria, uiage Afrika kwenye pwani ya Moroko. Uzi ndio mkweli, ingawa siku nyingine tunauacha makusudi ili kukwepa upepo mkali au anga iliyofungwa.

Mimi binafsi husumbuliwa zaidi na kuruka Nairobi. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hudai mwendo mkubwa zaidi, hivyo kila tani ya mafuta yapaswa kupimwa dhidi ya abiria na mizigo. Ubaridi wa usiku husaidia. Ndege inayoondoka saa tano usiku, ambayo tiketi huiandika 23:00, hutua baada ya saa 15, Nairobi ikiwa ni saa nane mchana, ilhali New York ni saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi, au saa moja asubuhi Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele.