Kigango Kilicho Kichakani Kina Wenyewe

Malalamiko ya kuibwa kwa vigango, yaani nguzo za mbao ambazo Mijikenda wa pwani ya Kenya huwasimamishia wafu wao, bado yanaletwa ofisini kwetu, na karibu yote huja yakiwa yamechelewa. Familia inafika miezi mitatu baada ya wizi, haina picha, haina nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na shimo lilishafukiwa zamani. Tunasikitika pamoja nao, lakini hatuna pa kuanzia.

Nianze na neno ambalo wanunuzi hulipenda: kwamba vigango hivyo "vimetelekezwa". Kigango husimamishwa kwa ajili ya mtu wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki, na hakisimamishwi kwa kujisikia tu. Aghalabu marehemu hutokea ndotoni akadai, au maradhi yakaandama mji, yaani boma la familia, hadi ikajulikana kwamba mzee anataka chake. Huchongwa kwa mti mgumu usioliwa na mchwa, mara nyingi muhuhu, kikatiwa nakshi za pembetatu, kikafungwa vitambaa, kikamwagiwa pombe ya mnazi. Kikishasimama hakisogezwi. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, waliohama kufuata ardhi yenye rutuba waliviacha vigango nyuma kwa sababu kung'oa ni mwiko, si kwa sababu waliwachoka wazee wao. Ukikuta kigango peke yake kichakani, basi umefika kwenye mji uliohama. Hujaokota kitu.

Wapo wanaosema hizo ni sanamu za mashetani, heri ziondoke. Mtu ana haki ya dini yake. Haki hiyo haimpi ruhusa ya kukata ukumbusho wa babu wa mwenzake, na Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Tena maneno hayohayo ya uchawi na ushetani ndiyo yaliyotumiwa kuwaua wazee katika kaunti ya Kilifi, wazee ambao kosa lao lilikuwa mvi. Anayeyasema hadharani ayapime kwanza.

Wengine hudhani ulinzi upo tayari kwa sababu misitu ya kaya za Mijikenda, yaani makazi yao matakatifu ya kale, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Iliyoorodheshwa ni misitu kumi. Kigango husimama mjini kwa watu, nje ya kaya, hakuna ua wala askari.

Sasa sheria, maana hapa ndipo tunapobishana zaidi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa malikale kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895, na kupeleka malikale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Madalali wameushika mwaka huo kama ngao: "Hiki ni cha juzi, mzee alikufa miaka ya sitini." Hoja hiyo haiwasaidii. Kigango kiwe cha zamani au cha juzi, kukichukua bila idhini ya wenyewe ni wizi wa kawaida, na Kanuni ya Adhabu haiulizi umri wa mti. Kifungu cha 275 kinampa mwizi hadi miaka 3 jela. Anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, anakabiliwa na kifungu cha 322, na adhabu yake hufika miaka 14. Soma tena hizo namba mbili. Kijana aliyelipwa vijisenti akabeba kigango usiku ana makosa, lakini sheria inamwona mwenye duka kuwa na makosa makubwa zaidi. Risiti aliyoiandika mwenyewe haimsafishi, wala haimsafishi mteja wake. Na mjukuu anayesema "ni cha babu yangu, nauza changu" ajue kwamba kigango ni cha mbari nzima. Yeye peke yake hana cha kuuza.

Je, vinarudi? Vinarudi. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa kijiji cha Chalani akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika, Udvardy alitazama picha za mkusanyo wa makumbusho moja huko Illinois, Marekani, zilizokuwa zikionyeshwa na mwenzake, Linda Giles, akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa Chalani mwaka 2007, na mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Baadaye makumbusho ya Denver, Marekani, yaliamua kurudisha vigango 30; uamuzi ulitoka mwaka 2014, vikafika Kenya mwaka 2019. Hivi vya Denver vilirudi nchini, lakini kupeleka kigango hadi kwenye mji wake ni kazi nyingine, kwa kuwa bila picha yake kikiwa mahali pake hakuna wa kuthibitisha kilitoka mji gani. Vile viwili vya Chalani vilitambulika kwa sababu ya picha.

Kwa hiyo picha ipigwe leo, kabla ya wizi. Ombeni idhini ya wazee kwanza, na kama kuna tambiko, lifanyike. Simu ya kawaida inatosha. Pigeni mbele, nyuma, kichwa kwa karibu, nakshi za kiunoni, ufa wowote, na picha moja inayoonyesha mnazi au nyumba iliyo jirani. Wekeni rula au futi ya fundi kando yake. Andikeni jina la marehemu, mbari yake, na jina la aliyekisimamisha. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa chifu, moja iletwe kwetu.

Kikiibwa, nendeni polisi siku hiyohiyo mchukue nambari ya OB. Msikubali kuambiwa "ni mti tu". Taarifa ni ya wizi wa mali na iandikwe hivyo. Kisha mjulisheni chifu, kisha sisi. Msisimamishe kingine palepale kabla hatujafika.

Wala msing'oe kilichobaki. Kuna mji mmoja tulioitwa asubuhi na mapema: kigango kilikuwa kimekatwa kwa msumeno usawa wa ardhi, unga wa muhuhu umetapakaa kwenye majani, bado unanukia. Mama wa mji alikuwa ameshika jembe, anataka kufukia kwa aibu. Tulimwomba aache. Mistari ya mti kwenye kisiki hukaa sambamba na ile ya kitako cha kigango chake, na hakuna dalali anayeweza kuighushi. Tulikipiga picha kutoka juu, tukakipima upana, kisha akakifunika kwa karai. Karai hilo bado lipo.