Kanzidata ya istilahi si Excel ya safu tatu

Nimetumiwa tena faili la Excel lenye safu tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na juu yake herufi kubwa: KANZIDATA YA ISTILAHI. Hapa Arusha, mji wa mikutano na wakalimani, jina hilo siku hizi linabandikwa kwenye orodha yoyote ya maneno iliyozidi ukurasa mmoja.

Kanzidata ya istilahi ni mkusanyo wa dhana za fani fulani, kila dhana ikiwa na maneno yanayoitaja katika lugha moja au zaidi. Basi.

Shida iko kwenye hiyo "dhana", maana ndiyo watu wanairuka. Kamusi ya kawaida huanza na neno: unafungua kidahizo "kifungo", unakuta cha shati, unashuka, unakuta cha gerezani. Kanzidata huanzia upande wa pili. Kifungo cha shati ni ingizo moja, cha gerezani ni ingizo jingine, na hayo mawili hayajuani hata kama herufi ni zilezile. Lile faili lilikuwa na mstari mmoja tu wa "kifungo". Kwenye Kiingereza wameweka maana zote mbili wakazitenga kwa mkwaju. Kwenye Kifaransa wamebakiza "bouton" peke yake. Mtafsiri wa hukumu akichomoa hapo kwa haraka, mshtakiwa anakwenda kutumikia kishikizo cha shati miaka mitano.

Kinyume chake nacho kimo. "Kompyuta" iko kwenye K, "ngamizi" kwenye N, "tarakilishi" kwenye T, kila moja na fasili yake, na fasili zenyewe hazilingani. Dhana ni moja! Ilitakiwa ingizo moja lenye maneno matatu: kompyuta likipewa alama kwamba ndilo linalopendekezwa, tarakilishi kwamba husikika zaidi Kenya, ngamizi kwamba ni nadra.

Wazo hili la kuanza na dhana si la juzi. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria na mpenzi mkubwa wa Kiesperanto, alikuwa akilitetea tangu tasnifu yake ya 1931, na kamusi yake ya mashine za karakana ya 1968 ilipangwa kwa dhana, si kwa alfabeti. Kiwango cha ISO 30042 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango), kinachoitwa TBX, kimelihamishia kwenye faili za XML, yaani maandishi yaliyozungushiwa lebo. Ngazi ni tatu. Ya nje ni conceptEntry, dhana yenyewe. Ndani yake kuna langSec, moja kwa kila lugha, yenye xml:lang, yaani alama ya lugha, ya "sw", "en" au "fr". Ndani ya hiyo kuna termSec, moja kwa kila neno. Toleo la 2008 liliita ngazi ya nje termEntry, na mafaili ya zamani bado yana jina hilo, usishtuke.

Faida ya ngazi ni kwamba kila taarifa ina mahali pake. Fasili na fani hukaa kwenye dhana, fasili ikiruhusiwa pia kushuka kwenye lugha. Ngeli, chanzo na hadhi ya neno hukaa kwenye neno. Ukiandika "lisitumike" kwenye ngazi ya dhana, umepiga marufuku kompyuta zote duniani kwa sababu tu hukuipenda ngamizi.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye faili, usilitupe. Ni orodha nzuri ya maneno, na imekula jasho. Ongeza safu moja kushoto, uiite namba ya dhana. Mstari wa kifungo uukate uwe miwili yenye namba tofauti. Kompyuta na wenzake wapewe namba moja na fasili moja. Ukimaliza hapo, kuligeuza kuwa TBX ni kazi ya programu, wala si yako.