Gari la otomatiki likishtuka, si lazima giaboksi iwe imekufa

Kwa miaka mingi madereva wameaminishwa kwamba gari la otomatiki likishtuka linapopunguza mwendo, hasa likikaribia kusimama kwenye taa au tuta, giaboksi imekufa na dawa ni kununua nyingine iliyotumika. Imani hiyo imewagharimu watu fedha nyingi bila sababu.

Gari linapopunguza mwendo, giaboksi hushuka gia moja baada ya nyingine, na kila mara klachi moja ya ndani huachia wakati nyingine ikishika kwa shinikizo la oili linaloongozwa na valvu za umeme, yaani solenoidi. Mpishano huo ukikosa ulaini, gari hushtuka, na chanzo huweza kuwa kitu cha bei ndogo: oili iliyopungua au kuungua, oili isiyo ya aina yake, kwa kuwa Toyota inayotaka oili ya giaboksi ya aina ya WS haifai kuwekewa ya T-IV, au throtoli (mlango wa kupitisha hewa ya injini) chafu inayoifanya injini izunguke kwa kasi hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedali ya mafuta. Maunti ya injini, yaani kishikizo cha mpira kinachoibeba injini, ikipasuka nayo hulifanya gari lishtuke ilhali giaboksi ni nzima kabisa.

Fundi makini huanza na oili. Kwa magari yenye kijiti cha kupimia, huidondoshea kwenye karatasi nyeupe: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, au ina chembe za chuma, na gia pia zinateleza wakati wa kuondoka, hapo ndipo kuna haki ya kuzungumzia kufungua giaboksi.