Mita ya ujazo: kipimo cha zege

Pita penye nyumba inayojengwa Makorora au Kange, hapa Tanga, utasikia vipimo vya kila namna. Mwenye nyumba anasema chumba ni futi 12 kwa 10. Mchoro umeandikwa milimita. Fundi anataka jamvi, yaani sakafu ya zege, lenye unene wa inchi 4. Lakini zege lenyewe hupimwa kwa mita ya ujazo, ile ambayo mafundi huiita kyubiki.

Mita ya ujazo ni nafasi ya sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja kila upande. Humo huingia lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

Kinachowaponza watu ni kubadili futi. Mita moja ni futi 3.28, kwa hiyo mtu huchukua futi za ujazo akazigawa kwa 3.28. Hapana! Sanduku letu lina futi 3.28 kwa urefu, 3.28 kwa upana, tena 3.28 kwa kimo. Zidisha zote tatu, utapata futi za ujazo 35.3. Hiyo ndiyo namba ya kugawia.

Turudi kwenye kile chumba. Inchi 4 ni theluthi ya futi, basi 12 mara 10, gawa kwa 3, ni futi za ujazo 40. Gawa kwa 35.3: mita za ujazo 1.13. Aliyegawa kwa 3.28 angepata 12.2, akanunua vifaa vya zaidi ya vyumba kumi. Nimeona familia ikikata tamaa ya kujenga kwa hesabu ya namna hii, na inauma, kwa sababu fedha ya jamvi walikuwa nayo.

Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kitakachomwagika na kwa ardhi isiyo sawa: 1.25.

Sasa saruji. Zege la moja kwa mbili kwa nne ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Usidhani vitu vikavu vya mita moja ya ujazo vitatoa zege la mita moja. Jaza ndoo kokoto, kisha mimina mchanga juu yake: mwingi utapotelea katikati ya mawe. Saruji nayo hujipenyeza kwenye mchanga. Kwa hiyo huhitajika takriban mita za ujazo 1.54 za vitu vikavu kupata moja ya zege. Gawa 1.54 kwa sehemu saba, saruji ni 0.22. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, basi ni mifuko 6.3 kwa kila mita ya ujazo ya zege. Chumba chetu kinataka mifuko 8, mchanga mita za ujazo 0.55 na kokoto 1.1.

Mchanga usiwe wa ufukweni, hata kama bahari iko karibu. Chumvi yake hula nondo.

Na pale mnapochanganyia, karai lisiwe kipimo, maana mmoja hulijaza kichuguu na mwingine hulisawazisha. Gongeni sanduku la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hizo ni lita 35 kamili: mfuko mmoja wa saruji, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto.